Mtumbwi ukipinduka, usiuache

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wavuvi wenzangu wa Ziwa Victoria. Mtumbwi wa mbao wa makasia, hata ukijaa maji, huelea. Anayeuacha ili aogelee hadi nchi kavu ndiye tunayemtafuta kesho yake.

Mwaka juzi tulipinduka usiku, mimi na mdogo wangu, tukienda dagaa. Taa za kijiji zilionekana karibu, naye akataka kuzifuata. Nikamshika ukosi wa shati. Tuliugeuza mtumbwi, tukachota maji tukiwa bado ziwani, mmoja kila ubavu, hadi kingo zikainuka. Kisha nikaning'inia upande wangu usilale, yeye akapiga miguu na kujivuta ndani kwa tumbo. Kopo la kuchotea lilikuwa limefungwa kwa kamba. Bila kamba ile lingekwenda na mawimbi.

Wenye mitumbwi, wanunulieni vijana majaketi ya kuokolea, nao wayavae, wasiyakalie. Kwa sasa, kila mmoja awe walau na dumu tupu la lita 20, kizibo kikiwa kimekazwa, ajishikize nalo.

Mvuvi, Ukerewe