Mtoto abashiri kwanza, ndipo ajaribu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyowafundisha sayansi watoto wa madarasa ya chini, hasa huku kwetu Lindi, ambako vifaa vya maabara ni adimu lakini vitu vya kujaribia vimejaa kila ua.

Mara nyingi jaribio linapofanyika darasani, mwalimu ndiye hulifanya, jibu likiwa limeshaandikwa ubaoni, na watoto wananakili kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili iote. Maneno hayo ni ya kweli, ila mtoto aliyeyanakili hajajaribu chochote. Sayansi huanza na swali ambalo mtoto halijui jibu lake; ufuate ubashiri wake mwenyewe, ndipo lije jaribio, kipimo na kumbukumbu ya kile alichokiona.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na hivi karibuni nilijitolea kusaidia darasa la nne katika somo la sayansi. Tulianza na jambo wanaloliona nyumbani: mkulima wa korosho, kabla ya kupanda, hutumbukiza mbegu kwenye ndoo ya maji, akachukua zilizozama na kuziacha zilizoelea. Je, ni kweli kwamba zinazoelea hazioti? Kila mtoto aliandika ubashiri wake kwa kalamu ya wino, nami nikawakataza kuufuta hata ukija kuwa wa makosa. Tukapanda kumi zilizozama na kumi zilizoelea katika makopo yenye udongo uleule, tukayamwagilia kwa kikombe kimoja.

Siku ya nne binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, makopo haya yako chini ya mwembe, yale yanapigwa na jua. Tutajuaje kama ni mbegu au ni jua?" Ni mimi niliyeyapanga hivyo bila kufikiri. Tulianza upya siku ileile, makopo yote yakiwa mahali pamoja, na tangu hapo sikuhitaji tena kulieleza darasa kwa nini katika jaribio hubadilishwa kitu kimoja tu. Watafiti wa korosho wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kule Mtwara, hufuata kanuni hiyohiyo wanapolinganisha mbegu shambani.

Baada ya wiki kadhaa, nyingi ya zilizozama zilikuwa zimeota. Katika zilizoelea, mbili nazo ziliota, na kijana mmoja akaniomba tusiziandike kwa sababu zinaharibu jedwali. Tuliziandika. Hapa ndipo penye uchungu wangu, Mhariri, kwa maana nimewahi kuona daftari la mwanafunzi lililopigwa alama nyekundu ya kosa kwa kuwa aliandika alichokiona, nacho hakikulingana na kitabu. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kuandika kile mwalimu anachotaka kusikia.

Nawaomba walimu wakuu na maafisa elimu kata wakubali alama zitolewe kwa ubashiri, vipimo na kumbukumbu, si kwa jibu la mwisho pekee. Madarasa yetu yana watoto wengi, nalijua hilo, lakini kopo moja kwa kila kundi linatosha, pamoja na rula na daftari. Msimu wa korosho ukifika, kila shule iwaombe wazazi kilo moja tu ya mbegu, iwekwe kando kwa ajili ya kazi hii.

Mwalimu mstaafu,
Lindi