Hifadhi asubuhi, makumbusho mchana

Ndugu Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, kurasa zenu hujaa ushauri wa kupeleka watoto makumbusho na hifadhini. Nashukuru. Ila karibu wote huanzia makumbusho, ndipo familia itoke nje kupunga upepo. Mimi ni mwalimu mstaafu, niliyezoea kuongoza misururu ya wanafunzi na sasa wajukuu, na kwangu ratiba hiyo imekaa kichwa chini miguu juu.

Wanyama na ndege wengi hutembea alfajiri na jioni. Jua likipanda wanajificha vivulini. Fika hifadhini saa saba mchana uone, utaonyeshwa majani. Mifupa ya dinosau haina haraka hiyo. Iliyosimama saa tatu utaikuta palepale saa nane, na jumba lina paa na viti vya kumpumzisha bibi.

Ndani nako kuna kazi. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa jumba la Museum of Fine Arts mjini Boston, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho, akaweka na picha za mtu aliyejikunja na kuchuchumaa ili asome maelezo kwenye makabati ya vioo. Huyo ni mtu mzima! Kwa hiyo kwetu kila mtoto huchagua kitu kimoja kabla ya safari. Mkubwa alitaka saa za kale, mdogo buibui. Vyumba vya picha za wafalme tulivipita bila kusimama, wala sijutii. Waelezwe pia kwa nini vyumba vingine vina mwanga hafifu: nguo na karatasi za kale hupaushwa na mwanga, na rangi ikishapotea hairudi. Mtoto akilijua hilo, hamuliki tochi ovyo.

Lawama yangu ni kwa wenye majumba na hifadhi. Tovuti zao nyingi zinasimulia historia ya mwanzilishi aya baada ya aya, lakini siku ya kufunga uitafute kama sindano. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu, lakini Louvre, jumba la Paris, hufunga Jumanne, basi mgeni akisie? Kibao cha njia kinasema "dakika 20". Kwa mwendo wa nani? Tuambieni ni mita ngapi, ngazi zipo au hazipo, kigari cha mtoto kinapita au hakipiti, na choo cha mwisho kiko wapi. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, huwaambia wageni wakae yadi 100 kutoka kwa dubu na mbwamwitu, takriban mita 91. Namba kama hiyo mtoto anaweza kuihesabu kwa hatua. "Kuwa mwangalifu" hawezi.

Haya yaandikwe kwa herufi kubwa, mlangoni na kwenye tovuti, kabla hatujakata tiketi.

Mwalimu mstaafu, msomaji wenu