Risala ya Walimu wa Madarasa ya Awali kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Zana za Kusoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzetu, wazazi na watoto wetu,

Tunakukaribisha kwa furaha kwenye meza zetu. Watoto wetu huja darasani na lugha ya nyumbani, wanakutana na Kiswahili, na muda si mrefu Kiingereza nacho kinaingia. Zana za kushika mkononi huwasaidia kutenganisha sauti za lugha hizo. Lakini zana iliyotengenezwa vibaya hufundisha makosa, na hilo ndilo tunaomba uliangalie leo.

Tuanze na vizibo vya chupa vyenye herufi. Seti za dukani zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zina q na x, ambazo Kiswahili hakizitumii, ila a hazitoshi. Neno "barabara" peke yake linakula a nne! Kwa hiyo kila watoto wawili tunawapa a sita, i na u nne nne, e na o tatu tatu, na konsonanti mbili mbili. Ch, sh, ny, ng na ng' kila moja ina kizibo chake. Ritifaa ya ng', yaani alama ile ndogo ya ('), iandikwe humo humo. Ikisahauliwa, mtoto ataanza "ng'ombe" kwa sauti ya "ngoma". Tena kizibo ni duara: kikigeuka, n inakuwa u, d inakuwa p. Ndiyo maana kila herufi imepigiwa mstari mwekundu chini. Chukua kimoja, mheshimiwa, ukigeuze uone.

Herufi za msasa, zilizoenezwa na Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, hukatwa kwa msasa laini wa namba 120 au zaidi. Wa namba 60 unakwaruza vidole, na mtoto akishaumia harudi tena. Anapopitisha vidole viwili juu ya herufi atamke sauti yake, si jina lake. Aliyekariri "be" na "a" huunganisha akapata "bea". Isitoshe, jina la e kwa Kiingereza ni sauti ya i yetu, na hapo wengi hukwama.

Meza ya mwisho ina kadi za visanduku vinne na kokoto. Mwalimu hutamka neno, mtoto husukuma kokoto moja kwa kila sauti. "Kiti" ni nne: k, i, t, i. "Cup" ya Kiingereza ni tatu, lakini mtoto aliyezoea silabi zinazoishia na irabu husema "kapu" na kusukuma ya nne. Katika kelele za darasa, irabu hiyo ndogo humpita mwalimu, kokoto inaionyesha. Hapo hatumkaripii. Tunatamka tena polepole, kidole kikifuata visanduku, mpaka aone kwamba cha nne hakina sauti. Maharage hatuyatumii kabisa, maana huingia puani yakavimba.

Mheshimiwa, hatuombi seti za dukani. Tunaomba vizibo, wino usiofutika, karatasi za msasa, kadi ngumu, na siku mbili mwanzoni mwa muhula za kutengeneza na kukagua kwa pamoja. Siku hizo awepo mzazi mmoja kwa kila lugha ya nyumbani inayosemwa darasani, atusaidie kuzitambua sauti ambazo Kiswahili hakina, nazo zipate vizibo vyake.

Ahsante kwa kutusikiliza. Karibu mezani.