Yah: Malalamiko kuhusu masomo ya hiari, Shahada ya Uzamili ya Fedha na Uchambuzi wa Data

Mwanza,
14 Oktoba 2025.

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wanafunzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wenu wa muhula wa tatu. Mchana ni afisa mikopo. Nilijiunga kwa ajili ya somo moja la hiari, la upimaji wa hatari za mikopo, na nililiandika hivyo kwenye fomu ya maombi. Tangu IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, ianze kutumika Januari 2018, benki haingojei tena mkopo uwe chechefu ndipo itenge fedha. Mkopo ukitoka tu, inakadiria hasara ya miezi 12 ijayo; mteja akianza kuyumba, inakadiria ya muda wote uliobaki. Ofisini kwetu hesabu hiyo imo kwenye faili la Excel lililotengenezwa na mtu aliyekwisha kuhama, na hakuna anayethubutu kuligusa. Nilitaka niwe mimi.

Brosha yenu ina masomo ya hiari tisa. Ninayo bado. Dirisha la usajili lilipofunguliwa Septemba 22 saa mbili usiku, nikakuta mawili: uongozi wa biashara, na Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) kwa masoko ya fedha. Tunatakiwa kuchagua mawili. Sijui hapo nilichagua nini.

Nilipiga simu. Dada aliyepokea (simlaumu, alikuwa muungwana) akasema somo hufunguliwa wakitimia wanafunzi 15. Sharti hilo halimo kwenye brosha wala kwenye mkataba niliousaini. Lingekuwemo, ningeuliza kabla sijalipa ada.

Basi nikasema ngoja nisome kilichopo. Video ya kwanza ya Python, mwalimu anaandika amri ya print bila mabano, kwake inakubali. Kwangu maandishi mekundu. Nilirudia mara nne nikidhani kosa ni langu, hadi nilipogundua kwamba anafundisha Python 2, toleo la zamani ambalo watengenezaji wake waliacha kulihudumia Januari 1, 2020. Video ya tatu inakokotoa mkopo wa dola kwa LIBOR, riba ya rejea ya benki za London, anayoiita "riba inayotumika leo duniani". LIBOR ya dola iliondolewa Juni 2023, na mikopo mingi ya dola ikahamia SOFR, riba ya rejea ya Marekani. Ningeenda na hesabu hiyo kwa bosi wangu, angeniuliza nimeitoa wapi, na mimi ningelazimika kuwataja.

Naomba mfanye moja kati ya haya: mfungue somo la hatari za mikopo muhula ujao hata tukiwa sita, au mniruhusu nilisome chuo kingine na krediti zake mzipokee, au mnirudishie ada ya masomo hayo mawili, shilingi 1,360,000, niliyolipa kwa awamu mbili. Risiti zote nimeambatanisha, pamoja na ukurasa wa brosha na picha ya dirisha la usajili la usiku ule.

Nitasubiri siku 14. Zikipita, nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Barua pepe zangu mbili za mwanzo zilijibiwa na mashine kwamba "ombi lako ni muhimu kwetu". Safari hii naomba jibu lenye jina na saini ya mtu.

Wako,
Mwanafunzi wa muhula wa tatu
(jina na namba ya usajili vimo kwenye viambatanisho)