Eisii inapuliza, dirisha liko wazi

Mhariri, juzi nilienda ofisi moja ya umma hapa Dar kufuatilia kibali, nikakaa kwenye benchi kama masaa mawili hivi, eisii inapuliza mpaka dada wa mapokezi kavaa sweta, na dirisha nyuma yake kioo kimevunjika wamebandika boksi! Saa saba mchana jua kali, taa za korido zote zinawaka, zile tyubu ndefu za zamani, mbili zinapepesa. Bili hiyo si ndo kodi yetu.

Wamarekani 2009 uchumi ulipoyumba serikali ya Obama ilitoa dola bilioni 3.2 kwa majimbo, miji na kaunti kwa ajili ya mambo haya haya, taa, majengo kutopoteza umeme. Sisi wala sisemi mabilioni, halmashauri ianze na taa za LED, izibe hayo madirisha na paa lipakwe rangi nyeupe, maana zege likishachomwa na jua kutwa nzima eisii lazima ihangaike. Wazee Mji Mkongwe walijenga kuta nene na dari juu kabisa, feni hawakuwa nayo. Sisi tunasimamisha ghorofa la vioo linatazama magharibi, halafu tunashangaa luku inaisha.

Msomaji wenu, Kinondoni