Msaada wa nyumba uanzie kwenye garanti

Bwana Mhariri,

Ninasoma gazeti lenu tangu nilipoanza kazi ya ualimu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya msaada wa serikali kwa wapangaji maskini, wa kuwaongezea pesa ya nyumba kila mwezi, ndiyo imenishikisha kalamu. Niliisoma mara mbili peke yangu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya mke wangu. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu: “Na garanti?” Nikarudi kutafuta. Kurasa mbili nzima, garanti, ile pesa mpangaji anayomwachia mwenye nyumba siku ya kuingia na kurudishiwa akihama, haimo.

Mwandishi wenu ameeleza vizuri mambo ya Ulaya na Marekani. Ufaransa wana APL, msaada wa kulipia nyumba, tangu sheria ya mwaka 1977: ofisi ya misaada ya familia inapiga hesabu ya mapato na watoto, halafu mara nyingi inamtumia mwenye nyumba pesa moja kwa moja, mpangaji anaongeza iliyobaki. Marekani wana mpango wao ulioanza mwaka 1974, na leo familia iliyopata cheti inalipa karibu 30% ya mapato yake, serikali inajaza. Sawa. Lakini kwa nini hakuwaambia wasomaji kwamba kule Marekani, katika familia nne zenye haki ya msaada huo, ni kama moja tu inayoupata, na nyingine zinangoja kwenye orodha miaka na miaka? Kwa nini hakusema kwamba wachumi wa Ufaransa wenyewe walipochunguza walikuta sehemu kubwa ya nyongeza ya msaada imeishia kupandisha kodi za nyumba? Na kuna hili dogo ambalo kwetu ni kubwa: Ufaransa, nyumba isiyo na viti na vitanda ndani, mwenye nyumba haruhusiwi kuomba garanti inayopita mwezi mmoja. Shemeji yangu anaishi Lille. Alilipa mwezi mmoja, akapewa ufunguo. Mimi hapa Katuba, moja ya komine za mji wa Lubumbashi, Kongo, niliombwa miezi kumi.

Ilikuwa Machi 2022. Vyumba viwili na saloni, dola 70 kwa mwezi. Komisioneri, mtu wa kutafutia watu nyumba kwa malipo, alikuwa ametuzungusha siku nne, na kila nyumba tuliyoangalia, hata ile iliyokuwa imeshachukuliwa, tulimlipa franga 5,000 za kutembea. Mwenye parseli, yaani mwenye nyumba, alitaka garanti ya miezi 10, ndiyo dola 700. Nilimwomba kama ninavyomwomba mzee wangu, akashuka mpaka miezi 8. Dola 560, na dola 70 za komisioneri juu yake. Mwalimu wa shule ya msingi anazitoa wapi kwa siku moja? Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, ile pesa ya wazazi iliyokuwa inatusaidia mwisho wa mwezi imekwisha, nasi tunangoja mshahara wa serikali peke yake, kwa franga. Tuliuza friji. Tuliuza cherehani ya mke wangu, ambayo ndiyo ilikuwa inalisha watoto mshahara ukichelewa. Risiti niliyopewa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa mwenye parseli. Upande wa pili kulikuwa na jedwali la 7.

Miaka miwili baadaye alikuja jioni, akakaa, akanywa maji, akasema mtoto wake anaoa na anataka nyumba, tuondoke kwa wiki tatu. Wiki tatu! Hatukubishana. Tulipaki. Siku ya kurudisha ufunguo aliingia na kijana mmoja, wakaanza kuhesabu matundu ya misumari ukutani, kijana anaweka kidole juu ya kila tundu, mzee anahesabu kwa sauti. Tundu la picha ya harusi yetu, tundu la kalenda, matundu ya kamba ya neti ya watoto. Yalifika 14. Kila tundu dola 10. Akakata 140. Akakata 120 za rangi, wakati rangi ile niliipaka mimi, kwa mkono wangu, likizo ya Pasaka. Akakata 60 za umeme. Zikabaki 240. Nikasema moyoni, basi, hata hizo zitatusaidia. Akatoa franga 480,000. Nikamwambia, Papa, dola leo ni franga 2,800. Akajibu kwamba mimi nilimpa dola wakati dola ilikuwa 2,000, kwa hiyo ananirudishia kwa bei ya siku ile. Yaani pesa yangu alikaa nayo miaka miwili kwa dola, na siku ya kuirudisha akaigeuza franga. Ukipiga hesabu, kwa dola 560 nilizotoa nilirudi nyumbani na kama 171. Nikaenda kushitaki kwenye ofisi moja ya mtaa. Waliniomba kwanza pesa ya karatasi ya kumwita. Nikalipa. Hakuja. Mara ya pili aliyekuwa mezani aliniambia: “Mwalimu, hii mambo mumalize wenyewe kwa wenyewe.” Mwezi uliofuata nilipita mbele ya ile parseli. Hakuna mtoto aliyeoa. Kuna wapangaji wengine, wanalipa dola 100, mlango ulikuwa wazi na matundu yangu yote 14 yako palepale ukutani, hata moja halikuzibwa.

Sasa nielezeni, serikali ikianza kunipa dola 20 kila mwezi, zitakaa kwangu siku ngapi? Mtu aliyenihesabia matundu kwa kidole atashindwa kuongeza dola 20 juu ya nyumba?

Na zile 60 za umeme nazisemea, kwa sababu hii nayo inaumiza watu wengi wanaoogopa kusema. Parseli ile ilikuwa na kontere moja, mita ya umeme, na familia sita, mwenyewe akiwa wa saba. Bili ilikuwa inagawanywa sawa kwa sawa. Kwake kuna kongelateri mbili za kuuza samaki na barafu, zinanguruma usiku kucha. Mjane wa chumba cha mwisho alikuwa na taa moja na simu moja, na alikuwa analipa sawa na yeye. Akichelewa siku mbili, waya wake unatolewa. Nimemwona akisahihisha madaftari ya mjukuu wake kwa mshumaa, wakati barafu ya mwenye nyumba inaganda kwa pesa yake. Hakuna msaada wa kodi ya nyumba utakaomfikia mama huyo mpaka bili ya umeme ihesabiwe kwa haki.

Watu wanasema msaada wa nyumba ni mambo ya Wazungu, nchi yetu haiwezi. Wanasahau mji wao. Lubumbashi hii ilijengwa juu ya nyumba za kazi. Union Minière, kampuni ya madini, ilikuwa na kamponi zake za wafanyakazi, na baada yake Gécamines ikaendelea: nyumba, posho, hospitali, shule. Komine ya Ruashi yenyewe ilijengwa miaka ya 1950 na ofisi ya serikali ya wakati ule iliyokuwa inajenga nyumba za raia. Baba yangu hakujua neno komisioneri. Tulikuwa tunasema kazi ni baba na mama, na watu zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, mwaka 2003 na uliofuata, wanajua vizuri maana ya kuwa na baba huyo na maana ya kumkosa. Watoto wao ndio wapangaji wa leo.

Na sheria ipo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makao yanayofaa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipiti miezi 3. Ilipotoka, dola ilikuwa haijafika franga 1,000. Mpaka leo sijaona mwenye parseli mmoja aliyeniomba miezi mitatu, na sijamwona mmoja aliyeulizwa kwa nini.

Kwa hiyo ninaomba serikali ya jimbo ianze na mlango wa nyumba, kabla ya pesa ya kila mwezi. Iweke mfuko wa kukopesha garanti: miezi 3 tu, kama sheria inavyosema, na mpangaji airudishe kidogo kidogo kwa miezi 12. Anayelipwa na serikali akatwe kwenye mshahara wake, na mama wa soko alipe kila wiki. Garanti isiingie mfukoni mwa mwenye parseli, ikae benki kwa majina mawili, kwa pesa ileile iliyotolewa, mpaka siku ya kuhama. Pesa za kuanzia zipo: IRL, kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, inaingia kwenye sanduku la jimbo, na inatoka kwenye pesa tunazolipa sisi wapangaji. Sehemu yake iturudie. Kila komine iwe na daftari kubwa lenye karatasi tatu za kunakili, waandike hali ya nyumba siku ya kuingia, kuta, vitasa, vioo, na matundu ya misumari wayahesabu siku hiyo, wote wawili wakiwa hapo. Tundu moja lisipite franga 500, ndiyo bei ya kiganja cha simenti. Na mbele ya ofisi ya kila komine wabandike ubao kwa Kiswahili, herufi za urefu wa mkono: GARANTI NI MIEZI 3. Waanze na komine za Katuba, Kenya na Ruashi.

Tunahama tena mwisho wa mwezi huu. Komisioneri amenipigia, ana nyumba, mwenyewe anataka miezi 6. Ninamwomba mwandishi wenu aje tuende pamoja, na ile sheria ya 2015 mkononi, aone anavyojibiwa. Jumamosi saa 3 asubuhi nitakuwa soko la Katuba, upande wa wauza makaa.

Mwalimu na mpangaji,
Katuba, Lubumbashi