Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wimbo Mmoja, Waimbaji Wengi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusikiliza santuri,

Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita tuliafikiana, baada ya mabishano marefu, kuacha utaratibu wa kupiga nyimbo ishirini katika kikao kimoja, na badala yake kuchukua wimbo mmoja wa jazi ya zamani ya Kimarekani kila mwezi na kuusikiliza kwa wapigaji mbalimbali. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga, nikihofu kwamba watu wangechoka. Naomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kwamba nilikosea.

Kikao kilichonibadilisha ni kile cha "Stardust". Mtunzi wake, Hoagy Carmichael, alipourekodi mwaka 1927 katika studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, iliyokuwa kando ya reli kiasi kwamba treni zikipita kazi ilisimama, wimbo huu haukuwa na maneno, na mwendo wake ulikuwa wa haraka, wa kuchezeka. Maneno ya Mitchell Parish yalikuja mwaka 1929, mwendo ukapunguzwa baadaye, na wimbo wa dansi ukawa wa kuwaza na kukumbuka. Tulimsikiliza mpiga tarumbeta na mwimbaji Louis Armstrong wa mwaka 1931, ambaye anaipunguza tuni hadi inakaribia kuwa noti moja inayorudiwarudiwa, kisha mwimbaji Nat King Cole wa mwaka 1957, ambaye haharakishi hata neno moja huku fidla zikimfuata kwa nyuma. Mwisho tuliweka ule wa Frank Sinatra wa mwaka 1961: ameimba utangulizi peke yake, ule ambao wengi huuruka, na pale masikio yanapongojea wimbo wenyewe uanze, sauti inakwisha. Ukumbi ulikaa kimya, kisha mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza kama umeme umekatika.

Mshairi mmoja miongoni mwetu alitoa hoja ambayo naona inastahili kuhifadhiwa. Nyingi za nyimbo hizi, "Body and Soul" ikiwa mojawapo, zina sehemu nne zenye vipimo vinane (yaani mafungu manane ya mapigo) kila moja. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina tuni moja, na ya tatu ndiyo ngeni. Katika utenzi kina kigeni hukaa mwisho wa ubeti, bali huku mgeni huingia wa tatu, na akishaondoka tuni ya mwanzo husikika kama mlango wa nyumbani baada ya safari. Anayeijua nyumba hiyo ndiye atakayemfaidi mpiga saksofoni Coleman Hawkins katika rekodi yake ya Oktoba 1939, maana anaigusa tuni mwanzoni tu, kisha anaiacha hadi santuri inakwisha, na bado msikilizaji hapotei.

Baadhi ya wanachama wapya walijiunga wakitarajia Morogoro Jazz na Western Jazz. Si kosa lao, kwa kuwa bendi zetu zilichukua jina la jazi huku zikipiga muziki wa dansi wenye damu ya rumba. Kamati inapendekeza bendi hizo zipewe vikao viwili vyao mwakani.

Kwa masikitiko naripoti kwamba santuri tatu za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo huvunjika kama kigae, zilifika vipande vipande. Kifurushi kiliandikwa kwa herufi kubwa kwamba kina vitu vya kuvunjika, nacho kikasafirishwa chini ya gunia la viazi. Fidia hatukupata. Kuanzia sasa santuri zitapakatwa na mjumbe mwenyewe, safari nzima.

Hesabu za ada na gharama za sindano ya kicheza santuri zitasomwa na mhazini.

Kikao cha kwanza cha mwaka mpya kitakuwa cha "Misty", uliotungwa na Erroll Garner, mpiga piano ambaye hakujua kusoma nota, na ulioimbwa na Johnny Mathis mwaka 1959. Walioazima santuri za wimbo huo wanaombwa kuzirudisha kwa katibu mapema, zikiwa ndani ya majalada yake.